Kuhusu Gari Lako na Mguu wa Mama Pindo

Chumba cha plasta,
Hospitalini.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu kabla ya lolote, maana nikianza na habari nitasahau adabu. Hujambo? Wifi hajambo? Na wale watoto wanaonijua kwa picha tu, bado wanasema shangazi yao ana kichwa kikubwa? Natumaini baridi ya huko imepungua na lile goti lako limeacha kukuamrisha kila ukipanda ngazi. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imechafuka, na ndiyo sababu unaona mwandiko wangu badala ya kusikia sauti yangu.

Usishangae kupata barua zama hizi. Ukipiga simu nyumbani, wewe mwenyewe unajua, inawekwa katikati ya meza na sauti inafunguliwa, kila mtu anachangia. Hayo ninayotaka kukwambia hayasemeki mezani pale. Barua hii anakuja nayo muuguzi mwenzangu anayekuja huko kusoma, na nimemwomba akukabidhi mkononi. Isome ukiwa umekaa. Na kabla hujaimaliza, usitie sahihi karatasi yoyote itakayotoka nyumbani.

Mama hajambo. Presha imetulia, anakula, analalamika kuhusu redio ya jirani, kwa hiyo yu mzima. Bomba la jikoni bado linavuja na Meneja bado anasema fundi anakuja kesho. Mdogo wetu yule, jina la Meneja limemkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Tangu utotoni anatugawia kazi yeye akiwa amekaa.

Sasa nije kwenye gari lako. Lile la kijivu ulilomwachia yeye ulipoondoka, ukasema ni la kumpeleka Mama kliniki. Mama kliniki anakwenda kwa miguu, anasema daktari kamwambia atembee. Gari linampeleka Meneja kila anakopaswa kuonekana.

Mama Pindo unamkumbuka, yule fundi cherehani wa kona ya kiwanda cha mikate. Hamwachi mtu apite na pindo lililolegea. Anakusimamisha njiani hapo hapo, na sindano anayo kwenye kola. Ndiye aliyekushonea vitambaa vya viti vya gari hilo. Ulikaa dukani kwake asubuhi nzima ukimchosha kwa hadithi zako, na uzi wa rangi ya damu ya mzee ulipomwishia ukamwambia ashone tu kwa uzi wa rangi ya machungwa, eti gari lako lijulikane hata likivuliwa namba. Tulikucheka mno siku ile.

Miezi minne iliyopita, siku ya Alhamisi, saa kumi na moja jioni na jua bado lipo, Mama Pindo alikuwa anavuka barabara mbele ya shule. Alikuwa juu ya ile mistari myeupe, na furushi la sare za wanafunzi kichwani. Gari likamzoa likamtupa ukingoni mwa mtaro. Likasimama hatua tatu nne mbele yake. Mlango wa dereva ukafunguka, mtu akashuka, jua likiwa mgongoni hata uso wake usionekane, akasimama akamtazama. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango, akaenda zake.

Walioona walikuwa wawili, muuza magazeti upande wa pili na msukuma mkokoteni aliyekuwa nyuma kidogo. Mmoja alisema gari la kijivu, mwingine alisema la fedha. Namba hakuna aliyeishika. Msukuma mkokoteni ndiye aliyemwaga mizigo yake chini, akamlaza mama wa watu juu ya zile sare na kumsukuma hadi kwetu. Kwa mguu ni nusu saa. Kwa gari, Kaka, kwa gari lile lililosimama hatua nne kutoka alipolala, ni dakika tano.

Mimi nina miaka kumi na mmoja katika chumba hiki cha plasta, tunakofunga mifupa iliyovunjika, na waliogongwa wakaachwa nawajua kabla faili halijafunguliwa. Huwa na vumbi ndani ya masikio, maana wamelala chini muda mrefu. Nawapokea karibu kila wiki: mwendesha baiskeli aliyepasuka bandama, mwanafunzi mwenye taya iliyovunjika, mzee wa watu ambaye hadi leo anauliza kama ng'ombe wake walivuka. Wengi hawangekatwa mguu wala kufa kama wangefikishwa mapema. Kinachowamaliza ni kule kuachwa. Damu inatoka, nyama inakufa, uchafu unaingia mfupani, na aliyefanya hivyo yuko nyumbani ananawa mikono ale. Nimewachukia watu hao miaka yote bila kuwajua sura. Nilidhani hawana sura.

Siku ile niliitwa kumshikia daktari mguu wa Mama Pindo wakati anauosha. Mguu wa kulia, mifupa yote miwili chini ya goti ilikuwa imevunjika, na mmoja umetoka nje ya ngozi. Nyonga ilikuwa na ufa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilielekea visikopaswa. Tulitoa kokoto, tukatoa uzi wa sketi yake uliozama ndani ya nyama. Katika kile kitambaa nilichokata niliona kigamba cha rangi ya kijivu, kidogo kama ukucha wa mtoto. Nilikibandua kwa kibano nikakitupa kwenye ndoo ya taka. Niandikie pembeni, Kaka, kwamba hilo nilifanya mimi kwa mkono wangu.

Dawa ya usingizi ilipokuwa inamwingia alinishika nguo. Aliniambia, "Niliona pindo langu. Mlango ulipofunguka niliona pindo langu." Nikacheka. Nikamwambia daktari kwamba mafundi cherehani hata wakiwa taabani wanaota mapindo. Naye akacheka, tukaendelea na kazi.

Jioni hiyo hiyo Meneja alirudi nyumbani kwa miguu. Alisema amegonga nguzo ya taa akikwepa mbwa, gari limebaki gereji. Mama akamchemshia chai, mimi nikamchunguza shingo kama haijateguka. Akalalamika inauma, nikamkanda. Nilimkanda shingo, Kaka, kwa mikono hii iliyokuwa bado inanuka dawa tuliyomwoshea yule mama.

Gari lilirudi baada ya wiki tatu likiwa la buluu iliyokoza. Bampa mpya, taa mpya, kioo kipya. Meneja alisema kijivu kilikuwa kinamzeesha. Mjomba, ambaye unajua amestaafu lakini ukarani wa mahakama haujamtoka kichwani, akaja siku hiyo hiyo kulikagua. Alilizunguka na miwani yake puani, akainama hadi chini ya matairi. Nikadhani analipenda. Kumbe alikuwa anasahihisha.

Kisha ukaanza wema. Sina neno jingine. Meneja akawa mgeni wa wodini kila baada ya siku mbili, amechomekea, ana matunda kwenye kikapu. Akamletea Mama Pindo blanketi, dawa ambazo kwetu hazikuwepo, na redio ndogo ya kumwondolea upweke. Mjomba naye akawakusanya watu wa mtaa sebuleni kwetu, akasimama na kusema fundi wetu amefanyiwa unyama na mtu asiye na utu, na sisi majirani hatuna budi kuonyesha utu. Watu wakapiga makofi. Mdogo wetu alikuwa amekaa mbele, kainamisha kichwa kama bwana harusi.

Mama Pindo alimshika mkono pale kitandani akamwombea. Alimwombea apate mke mwema na asafiri salama barabarani. Meneja akaitikia amina kwa macho makavu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilijivuna. Niliwaambia wauguzi wenzangu kwamba yule ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Mguu ulichukua muda. Walimtia vyuma vya nje, vinne, vinavyopenya ngozi hadi mfupani, na kila asubuhi matundu yale yanasafishwa. Uliingia usaha mara mbili. Kifundo cha mguu kimekakamaa, hakikunjiki, na mguu umekuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na kwa miaka thelathini ameikanyaga kwa mguu huo. Vidole vile vya mkono wa kushoto, vya kuongoza kitambaa, vimepona vikiwa vimepinda. Alikuwa anajizoeza kitandani, anakanyaga ubao wa mwisho wa kitanda kwa mguu wa kushoto, huku anahesabu. Aliniambia mguu huo ni mjinga, hausikii, ila ataufundisha.

Ilipofika siku ya kutolewa vyuma, alikuwa ameshahamia kwa dada yake, naye alihitaji usafiri. Hapo Meneja akajitolea kumleta kwa gari. Ninaamini Mjomba hakuulizwa, maana angemkataza. Meneja alikuwa amezoea kusifiwa kiasi cha kusahau anasifiwa kwa nini. Nilikwenda naye ili nimsaidie mgonjwa kupanda.

Tulimlaza kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa juu ya mto, mimi nikakaa mbele. Meneja akaendesha polepole, anakwepa mashimo kama aliyebeba mayai, anauliza kila mara kama mgonjwa hajambo. Mgonjwa alikuwa anajibu. Halafu akaacha kujibu. Niligeuka nikamkuta anapapasa ukingo wa kiti kwa kile kidole kilichopinda, anakwenda mbele, anarudi, taratibu, kama anavyokagua kazi kabla ya kumpa mteja.

Rangi ya bodi walibadilisha, Kaka. Bampa, taa, kioo, vyote. Mjomba alikumbuka kila kitu kinachoandikwa kwenye kadi ya gari na kila kitu ambacho askari huandika kwenye daftari lake. Viti havikumpitia akilini. Katika maisha yao yote, wanaume wale hawajawahi kutazama mshono.

Akasema bila kupandisha sauti, "Ulishuka ukanitazama. Ukapanda." Kisha akaomba gari lisimame.

Meneja hakubisha. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningemwona amekasirika, amecheka, ameuliza mama unasema nini, pengine ningejidanganya siku mbili tatu zaidi. Alisimamisha gari, akazima, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani na kutazama mbele. Nilimtazama sikio. Lilikuwa jekundu, kama lilivyokuwa likifanya akivunja kitu utotoni akatusingizia sisi.

Nilimshusha Mama Pindo mwenyewe. Msukuma mkokoteni mmoja alikuwa anapita, na wala hakuwa yule wa kwanza, nikamsimamisha. Tukamfikisha hospitali kwa mkokoteni, mara ya pili, mimi nikishika mguu wake usiruke.

Jioni niliwakuta wote sebuleni, Mjomba, Mama na yeye. Walikuwa wamekwisha kuzungumza. Nilidhani ndiyo kwanza wanaambiwa habari, kumbe walikuwa wanaijua tangu ile Alhamisi. Mama alijua alipokuwa anachemsha ile chai. Meneja alisema aliogopa kupigwa na watu. Nikamuuliza watu gani, muuza magazeti? Mjomba akakohoa kikarani na kusema, "Tumemtunza vizuri kuliko ambavyo mahakama yoyote ingemtunza. Sasa anataka nini zaidi?"

Nilimgeukia Mama. Nilitaka aseme lolote la kunirudishia mama yangu. Alikunja upande wa kanga yake, akaukunjua, akasema, "Yule amepona. Huyu akifungwa, hatapona."

Amepona, anasema. Nilimweleza habari za kifundo. Nilimweleza habari za usaha na mguu ule mjinga unaofundishwa ubaoni. Akaniambia nipunguze sauti, jirani kazima redio.

Asubuhi yake niliona moshi nyuma ya nyumba. Meneja alikuwa anachoma vitambaa vya viti, Mama amesimama kando na fimbo anavigeuza viungue sawasawa. Hawakujua kwamba kimoja, kile kifuniko cha kuegemezea kichwa, kilikuwa kwenye beseni langu tangu wiki iliyopita, nimekiloweka kwa sababu Meneja alikipaka mafuta ya nywele. Nilikikamua, nikakitia kwenye mkoba, nikatoka nyumbani na nguo zangu chache. Sasa nalala kwa mwenzangu wa wodi ya wazazi. Kifuniko nimempelekea askari wa usalama barabarani anayeshika faili la Mama Pindo, na maelezo yangu nimeandika, pamoja na habari ya kile kigamba nilichokitupa.

Askari yule ni mtu wa kazi. Aliniambia kitambaa ni kitambaa, na maneno ya dada aliyegombana na nyumbani ni maneno tu. Kilichopo kwenye kadi ya gari ni jina lako. Anataka kusikia kwa mwenye gari: liliuzwa au halikuuzwa, na liliachwa mikononi mwa nani. Gereji wamesahau kila kitu, kama ilivyotarajiwa.

Na hapa ndipo Mjomba anakutafuta. Ameandaa hati ya mauziano, imeandikwa kwa ufundi wake wote, kwamba uliliuza gari mwezi mmoja kabla ya ajali kwa mtu ambaye hakuna anayemfahamu. Nafasi ya sahihi yako imeachwa wazi. Watakupigia wakiwa wote mezani, Mama ataanza kwa kukuuliza kuhusu goti, na watakwambia ni karatasi ya bima tu. Mama atalia. Atalia kweli, wala si kwa kuigiza, na hapo ndipo patakapokuwa pagumu.

Sikufundishi la kufanya. Wewe ni mkubwa wangu, na ulinifundisha kuvuka barabara kwa kunishika kidole. Ninachokuomba ni kwamba ukishika kalamu uwe unajua unasaini nini. Ukitia sahihi pale, gari lile litakuwa halijawahi kuwa letu, na Mama Pindo atakuwa amegongwa na upepo. Ukimwandikia askari mistari miwili ya kweli, mdogo wetu atafungwa, nami nitakuwa nimesaidia kumfunga. Nimelipima hilo na bado nakuandikia. Nimechoka kukaa meza moja na watu wanaoosha mikono kwa matunda ya wagonjwa.

Jana nilimtembelea Mama Pindo. Blanketi, redio na kikapu vyote amevirudisha kwetu kwa mkono wa dada yake, vimefungwa vizuri. Cherehani imesogezwa karibu na dirisha. Anakanyaga kwa mguu wa kushoto, mshono unakwenda kombo, anaufumua, anaanza tena. Nilikaa naye saa nzima, na kwa saa nzima alishona upande mmoja wa foronya.

Msalimie sana Wifi, umwambie kile kitambaa alichonitumia bado sijashona, sasa nimejua nitakipeleka kwa nani. Wasalimie watoto, hasa yule Kifupi, umwambie shangazi ana kichwa kikubwa ili akili zipate pa kukaa. Muuguzi anayekuletea barua mkaribisheni chakula, ni mtu wangu. Salamu za Mama sina la kukwambia, maana hajui kama nimekuandikia. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe moyo mwepesi siku hiyo simu itakapolia.

Nilipomuaga na kumwambia kwamba nakuandikia, Mama Pindo hakuniuliza nitakwambia nini. Alikata uzi kwa meno, akafikiri kidogo, akasema, "Msalimie. Mwambie ule uzi wa machungwa haukuachia hata kidogo."

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyekuficha,

Wa Plasta.